Ile muvi ya Mongol (2007), Temujin alikua hivi kweli au wamempamba?

Mnyalukolo wa Kihesa:

Kamwene wakuu, poleni na baridi. Wikiendi hii nimeangalia Mongol, ile ya dairekta Mrusi Sergei Bodrov iliyotoka 2007, inahusu maisha ya Genghis Khan kabla hajawa Genghis Khan, wakati bado anaitwa Temujin na hana kitu. Zamani niliwahi kuikuta kibandani ikiwa ya kutafsiriwa sikuifuatilia, safari hii nimeipata yenyewe na maandishi chini, nikatulia nayo mpaka mwisho na bado haijanitoka kichwani.

Kwa ambaye hajaiona, dogo ana miaka 9, baba yake anamchukua wakatafute mchumba, wanafika sehemu anakutana na binti anaitwa Borte na binti mwenyewe ndo anamwambia nichague mimi. Njiani kurudi baba anakutana na Watatari, anapewa kinywaji cha sumu, anakufa. Hapo ndo kila kitu kinavurugika, watu waliokua wanakula kwa baba yake wanageuka, wanabeba mifugo, na dogo anawindwa asije akakua akalipiza kisasi. Anavishwa ule mti mzito shingoni wenye matundu ya mikono, yaani hata kujikuna huwezi. Anakulia humohumo kwenye kukamatwa na kutoroka. Akishampata mke wake, kabila la Wamerkit wanamteka mke, anaenda kumkomboa kwa msaada wa Jamukha, ndugu yake wa kuchanjiana, halafu huyohuyo Jamukha anakuja kuwa adui yake mkubwa.

Sasa maswali yangu. Kile kifungo cha kwa Watanguti, taifa jirani, amewekwa kwenye kizimba watu wanapita wanamkodolea macho, kilikuwepo kweli? Na mwisho anamwachia Jamukha aende zake, kwa mtu tunayesikia alivyomaliza watu kuanzia China mpaka Uajemi naona ngumu kumeza. Na mbona inaishia pale ndo kwanza anaanza kuwa mkubwa, kuna part two? Wenye historia yao naomba mtiririke bila kubania. Nawasilisha.

Mwalimu wa Uyole:

Mkuu umeuliza vizuri sana, hii ni mada naipenda. Niseme kwanza, habari za utoto wa Temujin karibu zote tunazipata kwenye kitabu kimoja cha Wamongolia wenyewe, Historia ya Siri ya Wamongolia, kiliandikwa karne hiyohiyo ya 13 baada ya yeye kufa mwaka 1227. Ukiiweka muvi pembeni ya kitabu unaona kabisa wapi amefuata, wapi amejaza na wapi amekata.

Sumu ya Watatari ipo kitabuni. Kutelekezwa na Watayichiut, ukoo wa jamaa zao, ipo, mama yao Hoelun akabaki na watoto anachimba mizizi kandokando ya mto Onon na kuokota matunda ya porini kuwalisha. Mti wa shingoni pia upo, na mimi kwenye kutoroka naona kitabu kimeshinda sinema. Siku ya sherehe walimwachia kijana mmoja mnyonge amlinde, Temujin akamtandika kichwani kwa huohuo mti akakimbia, akaenda kujilaza mtoni, mwili wote kwenye maji uso tu ndo uko juu. Mzee mmoja anaitwa Sorkan Shira akamwona palepale alipolala, akamwambia sitasema, tulia hivyohivyo, akapita. Baadaye usiku Temujin akaenda mwenyewe nyumbani kwa huyo mzee, watoto wa mzee wakamvua ule mti wakauchoma moto, wakamficha kwenye mkokoteni wa sufu nyuma ya nyumba. Wasakaji walipokuja wakaanza kuivuta ile sufu nje, wanavuta wanavuta mpaka wanakaribia kugusa miguu, mzee akawaambia kwa joto hili kuna mtu anaweza kukaa ndani ya sufu akawa hai? Wakaona kweli, wakashuka wakaondoka. Familia nzima ingechinjwa pale kama wangevuta kidogo tu.

Kifungo cha Watanguti sasa. Kitabuni hakipo. Kilichopo ni kwamba kwenye miaka ya 1187 hivi Temujin alipigana na Jamukha sehemu inaitwa Dalan Baljut akashindwa, na Jamukha akachukua mateka akawachemsha kwenye masufuria makubwa, kitabu kinataja masufuria 70. Baada ya hapo kuna kama miaka 10 habari za Temujin zinakatika kabisa, anaibuka tena 1196 akiwa na Toghrul mkuu wa Wakereit wanawapiga Watatari wakishirikiana na dola ya Jin ya kaskazini mwa China. Alikua wapi miaka yote hiyo? Wapo wanahistoria wanaodhani alikimbilia huko kwa Jin, hata utumwa umetajwa. Bodrov kaona hilo pengo kaliziba kwa gereza la Watanguti, na mimi simlaumu, maana Watanguti ndo taifa ambalo Genghis Khan alikua analimaliza mwaka 1227 wakati mauti yanamkuta, kwa hiyo muvi inakupa sababu ya ile hasira. Ila kwenye Historia ya Siri haimo.

Jamukha hakuachiwa. Alisalitiwa na watu wake mwenyewe wakamleta amefungwa, Temujin akawaua kwanza wale waliomleta kwa kosa la kumuuza bwana wao. Halafu akamwomba Jamukha warudishe undugu. Jamukha akakataa, akasema dunia ishakua yako mimi nitakua kama chawa kwenye kola yako, naomba unifishe bila kumwaga damu yangu. Ikawa hivyo. Muajemi Rashid al-Din aliyeandika miaka kama 100 baadaye anatoa kifo kingine kibaya zaidi cha kukatwakatwa. Kwa vyovyote hakuna alikopanda farasi akaondoka zake.

Stelingi wa Tukuyu:

Wakuu heshima. Niingie kwenye part two maana mwalimu kairuka. Bodrov alipanga ziwe tatu, hii ya ujana ndo ya kwanza, zilizobaki hazikutoka. Ndo maana inaishia pale, sio kwamba kaishiwa. Na hii ya kwanza ilipelekwa na Kazakhstan kwenye Oscar za 2008 upande wa filamu za lugha ya kigeni, ikaingia kwenye zile tano za mwisho, ikashindwa na ya Austria.

Sasa mimi ni mtu wa muvi sio mtu wa vitabu, naomba niitetee. Stelingi ni Mjapani, Tadanobu Asano, aliyecheza Jamukha ni Mchina Sun Honglei, na aliyecheza Borte ni Mmongolia Khulan Chuluun, na wanaongea Kimongolia humo ndani, sio zile za Hollywood za zamani Mzungu anapakwa rangi anabandikwa masharubu anaambiwa wewe ndo Genghis Khan. Muangalie Sun Honglei yule, anavyozungusha shingo, anavyocheka huku unaona kabisa anaumia rafiki yake anavyomzidi. Pale kwenye kugawana nyara ndo penyewe, Temujin anawagawia watu wake mgao mkubwa, yeye anabaki na kidogo, asubuhi watu wa Jamukha wawili wameondoka na Temujin kwa hiari yao, na Jamukha anakuja mbio amekasirika anadai warudi. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna upanga uliotoka, na vita yote inayokuja baadaye imeshaanza pale.

Na pigano la mwisho radi zikipiga, jeshi zima linajikunyata chini ya ngao kwa sababu Wamongolia wanaogopa radi ya Tengri mungu wao wa mbinguni, yeye kasimama peke yake wima. Anaulizwa kwanini huogopi, anasema sikua na pa kujificha. Kwangu mimi hiyo sentensi imebeba utoto wake wote. Kwa hiyo mwalimu tukianza kuhesabu kipi kipo kitabuni kipi hakipo tutaikosa muvi yenyewe, sinema sio notisi za fom foo.

Dada wa Makete:

Habari zenu kaka zangu. Mimi niliiangalia nikiwa likizo nyumbani na kwanza zile nyasi, hakuna mti, upepo, ukungu unashuka, nikasema hii si Kitulo kabisa jamani. Hilo la kwanza.

La pili, hakuna anayemzungumzia Borte hapa isipokua kumtaja kama mke wa stelingi, na mimi naona bila yeye hakuna muvi. Ila kuna sehemu wamepapaka rangi na naomba muijue. Kwenye muvi Wamerkit wanapovamia, Temujin anapigwa mshale, Borte anamchapa farasi akimbie na mumewe juu, yeye anabaki nyuma anakamatwa. Inatia machozi. Sasa soma ilivyoandikwa na Wamongolia wenyewe. Alfajiri bibi mtumishi anasikia ardhi inatetemeka, anaamsha watu, farasi waliopo hawatoshi. Temujin anapanda, wadogo zake wanapanda, mama anapanda na binti mdogo Temulun kambeba mbele, farasi mmoja wanaenda naye wa akiba. Borte hakupewa. Akafichwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe na yule bibi, wakaenda zao polepole, ekseli ikakatika, Wamerkit wakawafikia wakafungua mlango wakamkuta amekaa ndani.

Farasi wa akiba alikuwepo na mke akaachwa. Siandiki hivi kumtukana mtu aliyekufa miaka 800 iliyopita, alikua kijana, adui walikua wengi, na walimfuata yeye mpaka mlima Burkhan Khaldun wakauzunguka mara tatu hawakumpata. Lakini mwanamke akitazama ile sinema anaambiwa Borte alijitolea mwenyewe, na kumbe waliamua wengine. Na Wamerkit walikuja kwa sababu Hoelun mama mkwe wake naye alitekwa kutoka kwa mume wake Mmerkit na baba yake Temujin, kwa hiyo deni la mwanaume mmoja likalipwa na mke wa mtoto wake miaka mingi baadaye. Hilo angalau muvi imeligusa.

Na Jochi yule mtoto wa kwanza aliyezaliwa karibu na kipindi cha kukombolewa, Temujin alimkubali kuwa wake na hakuwahi kumkana, hilo nampa heshima yake. Ila watu hawakuacha, mdogo wake Chagatai alikuja kumtamkia mbele ya baba yao kwamba ni mtoto wa Wamerkit, wakakunjana pale, na ufalme ukaenda kwa mtoto wa tatu Ogedei. Mwanamke alitekwa mara moja, familia imekula hiyo kesi maisha yote.

Mwalimu wa Uyole:

Dada umeniwahi, hapohapo ndo nilikua naenda. Ndugu yangu wa Tukuyu, mimi naipenda hiyo muvi kama wewe na hiyo ya radi naikubali, lakini mwenye uzi kauliza kama wamempamba na jibu ni ndio, na waliyoikata kubwa kuliko zote ni habari ya Behter.

Temujin alikua na kaka wa kambo, Behter, mtoto wa mke mwingine wa baba. Wakati ule wa njaa, Temujin na mdogo wake Khasar walivua samaki, Behter na mdogo wake Belgutei wakawanyang'anya. Kabla ya hapo walishanyang'anywa ndege waliyemtungua kwa mshale. Wakaenda kushtaki kwa mama, mama akawaambia mnagombania nini na sisi hatuna rafiki isipokua vivuli vyetu. Wakatoka wamekasirika. Behter alikua amekaa juu ya kilima kidogo anachunga farasi tisa. Temujin akaja kwa nyuma, Khasar kwa mbele, upinde umeshavutwa. Behter akawaona, hakukimbia. Akawaambia Watayichiut bado hatujawalipa nyinyi mnanifanya mimi kibanzi kwenye jicho, basi sawa ila msimmalize Belgutei. Akakunja miguu akakaa akawasubiri. Wakampiga mishale huku na huku. Waliporudi nyumbani mama aliwaona nyuso tu akajua, akawafokea akiwafananisha na mbwa anayeng'ata kondo lake mwenyewe na wanyama wakali wa kila aina, mistari na mistari.

Jamani hiki ni kitabu cha ukoo wake. Kimeandikwa na watu wake, kwa ajili ya watoto na wajukuu zake waliokua wanatawala, na hawakuificha. Hawakuficha farasi wa akiba, hawakuficha Behter, na wameandika hata kwamba alipokua mdogo alikua anaogopa mbwa. Kisha anakuja mtengeneza filamu kutoka nje, anampenda huyo mtu, anamfutia. Halafu tunabaki na kijana anayeonewa tu mwanzo mpaka mwisho, na ukishaona hivyo ule ukatili wa baadaye unakua hauna mizizi, umetoka hewani. Mimi nikifundisha hii kitu nawaambia vijana mtu aliyemuua kaka yake kwa sababu ya samaki, na aliyegawa nyara zote kwa watu wake akabaki na kidogo, ni mtu mmoja, na msipomuona mzima hamjamuona.

Mtoto wa Kalenga:

Mwalimu hapo umegusa kitu ambacho huwa kinaniuma kuhusu kwetu huku. Sisi habari ya Mkwawa kila mtu anaanzia Lugalo, 17 Agosti 1891, Zelewski kamanda wa Wajerumani kapigwa, halafu Kalenga inaanguka 30 Oktoba 1894, halafu anajiua Mlambalasi 19 Julai 1898, halafu fuvu linarudi 1954 na gavana Twining. Wanafunzi wanakuja pale makumbusho wanaangalia fuvu, wanapiga picha, wanapanda basi. Ujana wake haumo kabisa vichwani mwa watu. Na ule ujana ni sinema tupu, baba yake Munyigumba anafariki 1879, vita ya urithi inalipuka, Mwambambe mkwe wa Munyigumba anashika nchi, kijana anakimbilia Ugogo hana kitu, halafu anarudi anapigana na Mwambambe anamshinda na kuirudisha nchi. Mjerumani hajafika bado! Mtu aliyekuja kuwasubiri Wajerumani Lugalo pale alifundishwa na ile vita ya ndugu kwa ndugu, sio na Mjerumani.

Nikiota kuna mtu wa hapa Iringa anaitengeneza hiyo filamu, kwa Kihehe na maandishi ya Kiswahili chini, kama hao walivyoacha Kimongolia kibaki Kimongolia. Na aweke yote, aweke damu ya upande wetu pia, maana wazee wanaosimulia vizuri hawafichi kwamba vita ile iliua Wahehe wengi kwa mikono ya Wahehe.

Mnyalukolo wa Kihesa:

Wakuu asanteni sana sikutegemea uzi ufike huku, mwalimu na dada wa Makete mmenifanya nirudie muvi leoleo na nilipofika kwa Borte anachapa farasi sikuweza kuiangalia kama mwanzo. Mtoto wa Kalenga hiyo filamu ikija mimi nipo mstari wa mbele, hata kubeba mikuki.

Ila bado nina moja. Kama alikua hivyo mlivyosema, amemuua kaka, amemwacha mke, kwanini watu walikua wanamfuata yeye wanamwacha Jamukha aliyekua na nguvu zaidi? Pale kwenye muvi jibu ni mgao wa nyara tu.

Mwalimu wa Uyole:

Mgao ni sehemu kubwa, usiudharau. Jamukha alikua anafuata utaratibu wa zamani, mtoto wa ukoo mkubwa anakula kwanza. Temujin alikua anaangalia unaweza nini. Nikupe mfano wa vita na Watayichiut, 1201 hivi. Temujin alipigwa mshale wa shingo, damu haikatiki. Mtu wake mmoja, Jelme, mtoto wa mfua chuma, akakaa naye usiku kucha anainyonya ile damu kwa mdomo na kuitema, palepale alipokaa pakawa dimbwi. Katikati ya usiku Temujin akazinduka akaomba kinywaji. Jelme akavua nguo akabaki na suruali tu, akaingia kambi ya adui akiwa hivyohivyo, akatafuta maziwa hakupata, akarudi na mtindi mkavu ndoo nzima, akauchanganya na maji akamnywesha. Asubuhi akaulizwa wangekukamata ungesema nini? Akasema ningewaambia nilitaka kuja kwenu, watu wangu wakagundua wakanivua nguo wakitaka kuniua, nikatoroka, basi wangenipokea wakanivisha.

Na siku hizohizo waliposhinda, Temujin akauliza mateka nani alipiga ule mshale kutoka juu ya kilima ukavunja shingo ya farasi wangu. Kijana mmoja akasimama akasema ni mimi, ukiniua nitalowesha ardhi kidogo kama kiganja, ukiniacha nitakukatia maji marefu. Akaachwa, akapewa jina Jebe. Huyo ndo aliyekuja na jemadari mwenzake Subutai kuwapiga Warusi mtoni Kalka mwaka 1223. Kwa Jamukha mtu kama huyo angeingia sufuriani.

Stelingi wa Tukuyu:

Haya mwalimu, hiyo ya Jelme nimenyoosha mikono, ningeilipia tiketi mara mbili. Lakini kwa Behter nabaki palepale, dairekta akiiweka ile dakika ya ishirini watu hawatamfuata stelingi mpaka mwisho, wengi watazima. Kama ni mimi ningeianzia gerezani kama alivyofanya, halafu pale anapokaa kwenye kizimba peke yake usiku ndo nimrudishe kwenye kile kilima na samaki. Watazamaji wakishampenda ndo waambiwe.

Mwalimu wa Uyole:

Hilo nalikubali kaka. Ungeniwekea pale, nisingekua na neno.